Dengu za Misungwi, sheria za New Delhi

Na Mwandishi Maalumu, Nyegezi

Msimu wa dengu ukifika, kati ya Julai na Septemba, Fuso zinazotoka Misungwi na Kwimba huingia Mwanza kwa barabara ya Shinyanga, zikapita Buhongwa na Mkolani kabla ya kufika Nyegezi. Hapo, jirani na stendi ya mabasi, mkulima aliyesindikiza magunia yake huanza kuulizia bei, na hapo hapo hupewa jibu linalomkata maini: bei ya jana imekufa.

Dalali hana maelezo. Kaambiwa kwa simu na mnunuzi wa Dar es Salaam, na mnunuzi naye kaambiwa na mtu wa Mumbai. Mkulima anaamua moyoni kwamba anaibiwa. Mara nyingine ni kweli, na historia ya mizani na lumbesa katika kanda hii inampa kila haki ya kushuku.

Lakini safari nyingi kilichoua bei hakikutokea Nyegezi wala Dar es Salaam. Ni tangazo la serikali lililotiwa saini New Delhi, likaanza kazi siku ile ile au siku chache baadaye, na hakuna mtu katika mwambao huu wa ziwa aliyemsomea mkulima.

Machi 27, 2025, kwa mfano, India ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 1 dengu zinazoingia nchini humo zingelipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 10. Wakati huo, kwenye mbuga nyeusi za Misungwi, Kwimba na Magu, watu walikuwa shambani wakipanda.

Mlaji ni mmoja

Dengu ni zao la unyevu wa mwisho. Mpunga au mahindi yakishatoka, udongo mzito wa mbuga hubaki na maji ya kutosha kuotesha dengu bila mvua nyingine kubwa. Kwa hiyo ni fedha inayomfikia mkulima baada ya mavuno ya chakula, wakati hana kingine cha kuuza.

Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichopo Misungwi, kimefanya kazi kubwa kuliendeleza zao hili. Mbegu kama Ukiriguru 1, Mwanza 1, Mwanza 2 na Mwangaza zilitokana na ushirikiano na taasisi ya ICRISAT, ambayo makao yake makuu yapo Patancheru, karibu na Hyderabad. Hata mbegu, basi, ina ndugu zake India.

Sisi wenyewe hatuzili sana. Kuna bhajia, kuna chauro, kuna nyumba chache zinazopika dengu kama mboga. Anayezila hasa ni Mhindi, ambaye pia ndiye mlimaji mkubwa kuliko wote duniani. Mavuno yake hutoka kati ya Februari na Aprili. Ya Australia, mshindani wetu mkuu, hutoka mwishoni mwa mwaka. Dengu za Kanda ya Ziwa huingia katikati, akiba ya India ikiwa imepungua na sikukuu ya Diwali, yenye vyakula vingi vya unga wa dengu, ikiwa inakaribia.

Ni nafasi nzuri, na ni nyembamba. Ndani ya majuma hayo machache, ushuru wa India ukipanda au ukishuka kidogo tu, kilo moja inayopimwa Nyegezi hubadilika thamani.

Kilichotokea 2017

Wakulima wa mbaazi wa Lindi, Mtwara na Manyara hawajasahau Agosti 2017. Mwaka uliotangulia India ilikuwa na njaa ya mikunde na bei ilikuwa imepanda mno, kwa hiyo watu wengi wa huku waliongeza ekari. Kisha, Agosti 5, serikali ya India ikaweka kikomo: mbaazi zitakazoingia kutoka dunia nzima zisizidi tani 200,000 kwa mwaka wa fedha. Baadaye mwezi huo huo choroko na choroko nyeusi zikawekewa kikomo chao, tani 300,000 kwa pamoja.

Mbaazi zilikuwa zimeshalimwa. Bei ambayo ilikuwa imefika zaidi ya Sh2,000 kwa kilo ikaporomoka, maeneo mengine hadi chini ya Sh200. Wapo walioziacha shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilizidi bei.

Zamu ya dengu ilifuata. Desemba 21, 2017 India iliweka ushuru wa asilimia 30. Februari 2018 ukawa asilimia 40. Machi 1 ukafika asilimia 60. Ndani ya miezi isiyotimia mitatu, mlango uliokuwa wazi ukawa umebaki upenyo.

> Mwaka 2017 mbaazi zilikuwa zimeshalimwa New Delhi ilipoamua kuweka kikomo.

Tusiilaumu India kwa kufanya hivyo. Serikali yoyote yenye mamilioni ya wakulima wa dengu na mamilioni zaidi ya walaji hucheza na ushuru pande zote mbili: mavuno yakiwa mengi inafunga ili kumlinda mkulima, bei ya sokoni ikipanda inafungua ili kumlinda mlaji. Mei 2024, bei zikiwa juu, iliondoa kabisa ushuru wa dengu hadi Machi 31, 2025. Ndipo ikarudisha ile asilimia 10.

Na haikuishia kwenye ushuru. Juni 2024, kwa kutumia sheria yake ya bidhaa muhimu ya mwaka 1955, India iliwawekea wafanyabiashara viwango vya mwisho vya akiba ya mbaazi na dengu hadi Septemba 30. Muuzaji wa jumla asizidi tani 200, mwenye duka asizidi tani 5, na aliyeagiza kutoka nje asikae na mzigo zaidi ya siku 45 baada ya kuutoa forodhani. Mwagizaji wa Mumbai aliyebanwa namna hiyo hawezi kununua kwa wingi na kusubiri. Ananunua kidogo kidogo, na anayeumia kwa kusubiri ni mwenye mzigo, yaani huyu wa kwetu.

Kuna pia njegere kavu za njano, ambazo husagwa na kuchukua nafasi ya unga wa dengu kwa bei nafuu. Desemba 2023 India ilizifutia ushuru, zikamiminika kutoka Canada na Urusi. Kuanzia Novemba 1, 2025 zikarudishiwa ushuru wa asilimia 30. Sidhani kama kuna mkulima wa Kwimba anayefikiria njegere za Urusi anapopima dengu zake. Lakini zinamgusa.

Faida tuliyokaa nayo kimya

Hapa ndipo habari inapogeuka, na ndipo watu wengi, wakiwemo wafanyabiashara wa siku nyingi, wanapopotea.

Aprili 2008, katika mkutano wa kwanza wa India na Afrika uliofanyika New Delhi, India ilitangaza mpango wa kuzifutia au kuzipunguzia ushuru nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi maskini zaidi. Mwaka 2014 mpango huo ulipanuliwa hadi kugusa zaidi ya asilimia 98 ya aina za bidhaa. Tanzania imo. Dengu zimo.

Maana yake ni kwamba ushuru ule wa asilimia 60 uliomfungia Muaustralia haukuwa wetu. Dengu za Tanzania, zikiwa na karatasi sahihi, ziliingia bila ushuru. Kipindi ambacho mlango ulikuwa mgumu kuliko wakati wowote kwa wengine, sisi tulikuwa na ufunguo.

Pindua sasa. Mei 2024 India ilipofuta ushuru kwa kila mtu, magazeti ya biashara yaliandika kama habari njema kwa wauzaji wote. Kwa Australia ilikuwa njema kweli. Kwetu ilikuwa hasara: tofauti iliyotupa upendeleo ilitoweka siku ile ile. Na ile asilimia 10 ya Aprili 2025, ambayo baadhi ya madalali wanaweza kuitumia kushusha bei, kwa dengu zetu zenye karatasi sahihi ilikuwa nafuu ndogo iliyorudi.

> Ushuru wa India ukipanda kwa wengine, dengu za Tanzania hupata thamani. Ukifutwa kwa wote, hupoteza.

Mkulima anayeambiwa Nyegezi kwamba bei imeshuka kwa sababu Wahindi wameweka ushuru anapaswa kujua swali la kuuliza: ushuru huo unaihusu Tanzania? Leo swali hilo haliulizwi kwa sababu hakuna aliyempa.

Si kila zao lina bahati hiyo. Choroko, zinazolimwa sana kanda hii hii, zimerudishwa kwenye orodha ya bidhaa zenye vizuizi vya kuingia India tangu Februari 2022, na msamaha wa ushuru hauna kazi mahali ambapo mzigo wenyewe hauruhusiwi kushuka. Mbaazi zimekuwa zikiruhusiwa bila ushuru kwa kuongezewa muda. Nyongeza ya Januari 2025 ilizifikisha Machi 31, 2026.

Siku 60 za kujibu

Ufunguo wa dengu zetu ni karatasi: cheti cha uasili wa bidhaa, ambacho kwa upande wetu hutolewa na Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo (TCCIA). Kwa miaka mingi cheti kilitosha. Ofisa wa forodha wa India alikiona, akapitisha mzigo.

Mwaka 2020 mambo yalibadilika. Bunge la India liliongeza kifungu kipya kwenye sheria ya forodha, na kanuni zake zikaanza kutumika Septemba 21 mwaka huo. Sasa anayedai msamaha ni lazima awe na maelezo yanayothibitisha kwamba bidhaa ilitoka kweli inakosemekana imetoka. Akiulizwa, ana siku 10 za kazi kuyawasilisha, na kumbukumbu zake azitunze kwa miaka 5. Machi 2025 India iliugusa tena utaratibu huo, ikaweka maneno mapana zaidi ya uthibitisho wa asili mahali palipotajwa cheti.

Sehemu inayotuhusu zaidi ni hii. Ofisa akiwa na shaka, India inaweza kuiandikia nchi iliyotoa cheti. Pale ambapo makubaliano hayataji muda mwingine, nchi hiyo ina siku 60 za kujibu. Isipojibu, au ikijibu nusunusu, msamaha unaweza kunyimwa, na mwagizaji akatakiwa alipe ushuru wote.

Mwagizaji wa Mumbai anajua hatari hiyo. Anaiweka kwenye bei kabla hata mzigo haujaondoka Dar es Salaam. Asipomwamini muuzaji wake, hukata kidogo kwenye kila tani ili awe na akiba ya mabaya, na kile anachokata hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka kwa msafirishaji hadi kwa dalali, hadi kwa mtu aliyesimama na magunia Nyegezi.

Jiulize sasa dengu hizo zinakusanywaje. Mchuuzi anapita kijijini na mizani yake, ananunua debe hapa, gunia pale, anachanganya, anamuuzia mwenye ghala, naye anachanganya na za wengine watano. Kila mmoja analipa taslimu na hakuna anayeandika. Mzigo ukifika bandarini ni wa Tanzania, hilo halina ubishi, lakini muulize mwenye mzigo zimelimwa kijiji gani, na nani, atabaki anakutazama.

Ghalani au mkononi?

Hapa ndipo sheria ya forodha ya India inapokutana na ugomvi wetu wa nyumbani.

Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikisukuma dengu na choroko za Kanda ya Ziwa ziuzwe kwa stakabadhi ghalani, mfumo uliowekwa na sheria ya mwaka 2005 na kujulikana zaidi kwenye korosho za Kusini. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, unapimwa, unaingia ghala lenye leseni, kisha unauzwa kwa mnada unaoendeshwa na Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Fedha inakuja benki. Anayesimamia mazao haya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nafaka na Mazao Mchanganyiko, COPRA.

Wanaoutetea wanasema mnada unawakutanisha wanunuzi wengi, mizani inakaguliwa, lumbesa inakwisha na halmashauri inapata ushuru wake bila kukimbizana na Fuso usiku.

Wafanyabiashara binafsi wanaupinga kwa hoja ambazo si za kupuuza. Wanasema wao hufika kijijini na fedha mkononi na kubeba hatari ya bei kuanguka njiani. Mnada unawalazimu kusubiri, kukusanya mizigo midogo kutoka maghala yaliyotawanyika, na kulipa gharama za juu juu ambazo mwishowe zitakatwa kwa mkulima.

Na mkulima? Wengi wanataka fedha leo. Ada haingoji mnada, mgonjwa hangoji uhamisho wa benki. Anayeona makato ya chama, ya ghala na ya halmashauri yakiorodheshwa kwenye karatasi moja huona ameporwa, hata kama mchuuzi alikuwa akimkata zaidi bila kuandika.

Shaka hiyo ina mizizi. Ni watu wa kanda hii waliochoshwa na mizani ya wachambuaji pamba, wakajenga ushirika wao wenyewe. Mwaka 1955 kilizaliwa chama kikuu cha Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, kikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mwaka 1976 Serikali ikavivunja vyama. Vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982, lakini imani haikurudi nzima. Mzee wa Usukuma akisikia neno ushirika anakumbuka heshima, na anakumbuka madeni.

Pamoja na hayo yote, msimamo wangu ni kwamba stakabadhi ina kitu kimoja ambacho wabishi wa pande zote hawakitaji: inaacha nyayo. Inasema dengu hizi zilitoka AMCOS hii, kijiji hiki, tarehe hii, kilo hizi. Ndicho hasa kinachotafutwa ofisa wa forodha wa Mumbai anapoandika barua na kuhesabu siku 60.

> Stakabadhi inaacha nyayo za zao kuanzia kijijini. Nyayo hizo zina bei huko India.

Lakini thamani hiyo ibaki kwa mkulima. Kama malipo yanachelewa na jina la kijiji linapotea mzigo ukishatoka ghalani, basi tumempa mkulima usumbufu wote wa mfumo na kumnyima faida yake. Sioni kwa nini namba ya stakabadhi isiandikwe moja kwa moja kwenye cheti cha uasili. Na mnunuzi binafsi anayeweza kuonyesha rejesta ya wakulima wake, kwa kilo na kwa tarehe, aruhusiwe kununua kwa njia hiyo. Kinachotakiwa ni ushahidi. Jengo la ghala ni njia mojawapo ya kuupata.

Msumbiji walisaini

Wapo wanaosema dawa ni mkataba. Julai 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alipozuru Afrika alipita Maputo, wakasaini makubaliano ya India kununua mbaazi za Msumbiji kwa kiasi kinachopanda kila mwaka. Siku chache baadaye, Julai 10, alikuwa Dar es Salaam. Yakasainiwa mambo ya maji, ufundi na viwanda vidogo. Mikunde haikuwamo.

Mwaka mmoja baadaye kikomo cha tani 200,000 kilipowekwa, Msumbiji ilikuwa na fungu lake nje ya kikomo hicho. Sisi tulibaki na mbaazi zetu. Baadaye Malawi na Myanmar nazo zilipata mafungu yao.

Hata hivyo mkataba una ubaya wake. Mwishoni mwa 2023 shehena za mbaazi zilikwama bandari ya Nacala, makampuni yakiburuzana mahakamani juu ya nani asafirishe nini. Fungu la nchi huwa rahisi kugeuka fungu la wachache wenye kibali. Tukienda New Delhi kuomba fungu la choroko, na nadhani inafaa kwenda, swali la nani atagawa vibali lijibiwe hadharani kabla ya saini. Ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan huko Oktoba 2023 iliupandisha uhusiano wa nchi hizi mbili kuwa ushirikiano wa kimkakati. Njia ya kupitia ipo.

Kabla ya kununua mbegu

Kuna tarehe mbili za kuangalia.

Ya kwanza ni Machi 31. Mwaka wa fedha wa India huisha siku hiyo, na ruhusa nyingi za mikunde huandikwa ziishe nayo. Kwa hiyo maamuzi ya kuongeza muda au kufunga hutoka mara nyingi kati ya Januari na mwisho wa Machi. Ndiyo miezi ambayo mkulima wa mbuga anaamua kama atapanda dengu au choroko, na ekari ngapi. Nchi mbili zinaamua jambo moja kwa wakati mmoja, na upande mmoja tu ndio wenye taarifa.

Matangazo hayo si siri. Huchapishwa kwenye gazeti la serikali ya India na kuwekwa mtandaoni siku yanapotoka. Tuna ubalozi New Delhi. Tuna COPRA. Mwanza ina redio zinazosikika hadi Ukerewe na Sengerema. Kumweka mtu mmoja ayasome, ayaandike kwa Kiswahili chepesi na kuyatuma kwa kila AMCOS hakuhitaji bajeti ya Bunge.

Tarehe ya pili ni 2027. Mwaka 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa inayopitia orodha ya nchi maskini zaidi ilikuta kwamba Tanzania, pamoja na Rwanda na Uganda, imetimiza kwa mara ya kwanza vigezo vya kutoka kwenye orodha hiyo. Nchi ikitimiza mara mbili mfululizo inaweza kupendekezwa itoke, na mapitio hufanyika kila baada ya miaka 3. Kutoka si jambo la siku moja, huchukua miaka, na ni heshima ya haki kwa nchi. Ila msamaha wa India uliandikwa kwa ajili ya walio kwenye orodha. Siku tutakayotoka bila makubaliano mengine, dengu za Misungwi zitalipa kama za Australia.

Mazungumzo ya kuziba pengo hilo yanapaswa kuanza sasa, wakati bado tuna cha kushikilia. Na mkulima atakayepanda Machi ijayo aambiwe hali ya ushuru ilivyo kabla hajanunua mbegu. Wa kumwambia ni COPRA, kupitia AMCOS yake, kwa maandishi na kwa tarehe.